Neno Langu Lina Kina cha Jembe: Kucheza Vina na Marafiki Mtandaoni

Makundi mengi ya marafiki kwenye simu yana historia moja. Wiki ya kwanza ni kelele tupu. Wiki ya tatu kuna mtu anayetuma ua lenye maandishi "Asubuhi njema". Kufika mwezi wa pili kundi limebaki la kutangazia misiba na michango ya harusi. Kama lenu limefika hapo, lipe mchezo huu. Hauhitaji programu mpya wala pesa zaidi ya bando la kawaida, na unachezwa na watu wanne hadi wanane wenye Kiswahili vichwani mwao.

Mchezo kwa kifupi

Mtu mmoja, tumwite mtegaji, anawaza neno na kulificha. Anawapa wenzake neno jingine lenye kina kimoja nalo: "Neno langu lina kina cha jembe." Wenzake wanalisaka kwa maswali. Utamu uko hapa: mwulizaji haruhusiwi kulitaja neno analolidhania. Lazima alieleze. Anayedhani ni embe hasemi "Ni embe?" Anasema, "Je, ni tunda lenye dodo na boribo?" Mtegaji naye hana budi kulifumbua fumbo hilo ndipo ajibu, "Siyo embe."

Kwa hiyo hakuna anayekaa bure. Wenzake wanatafuta neno lake, naye anatafuta maneno yao.

Waingereza wana mchezo wa namna hii, wanauita crambo, na ni wa zamani: Samuel Pepys aliandika katika shajara yake ya Mei 1660 kwamba waliucheza ndani ya gari la farasi wakielekea The Hague. Sisi tunao utamaduni wa vitendawili wa kuunogesha, wenye "tega" yake na mji wa kutoa ukishindwa, na mwongozo huu umeazima huko bila kuomba radhi.

Kwa nini kina cha mshairi hakitoshi

Soma sehemu hii kabla ya kurukia hatua. Wanaojaribu mchezo huu kwa Kiswahili wakakata tamaa, mara nyingi wamekwama hapa.

Katika shairi la mizani 8 kwa 8 tulilofundishwa shuleni, kina ni silabi ya mwisho. *Paka, nyoka, shoka* na *kumbuka* yote yana kina cha *ka*, na hakuna malenga atakayekunung'unikia. (Washairi wetu wamegombana sana kuhusu vina, hasa baada ya Euphrase Kezilahabi kutoa diwani yake *Kichomi* mwaka 1974 bila kuvijali. Ugomvi huo tuwaachie wenyewe.)

Kwa mchezo wa kubahatisha, *ka* ni bahari isiyo na pwani. Maneno yetu karibu yote yanaishia na irabu, na irabu ni tano tu. Ukisema "neno langu lina kina cha *paka*" kwa maana ya *ka*, umewapa wenzako maneno mamia. Watauliza mpaka wasinzie.

Basi kina cha mchezo kianze mapema zaidi: kwenye irabu ya silabi ya pili kutoka mwisho, ile tunayoiwekea mkazo. Kina cha *jembe* kinakuwa *-embe*. *Wembe* imo, *pombe* haimo. Kina cha *paka* ni *-aka*: *taka, mwaka, kichaka, nafaka, sadaka* zimo, *nyoka* hayumo. Ukiwa na wasiwasi, yatamke maneno mawili kwa sauti, moja baada ya jingine. Kama yanafanana tangu pale sauti inapopanda hadi mwisho, yanakubalika.

Jambo hili dogo ndilo linaloufanya mchezo uwezekane. Mengine yote ni adabu.

Neno gani linategeka

Kabla ya kutega, chukua karatasi uandike jamaa zote za neno lako unazozikumbuka. Zikiwa chini ya tano, wenzako watalipata kwa bahati. Zikizidi kumi na tano, hawatalipata kamwe. Saba hadi kumi na mbili ndiyo riziki.

> SANDUKU: Familia nne za kuanzia
>
> -embe: embe, mwembe, jembe, wembe, pembe, chembe, tembe, sembe, uzembe
>
> -ungu: chungu, uchungu, utungu, rungu, fungu, ukungu, mkungu, nyungu, mzungu
>
> -anda: kitanda, kibanda, mkanda, ganda, sanda, chanda, randa, kandanda
>
> -amu: kalamu, karamu, damu, hamu, zamu, salamu, sanamu, nidhamu, binadamu
>
> Zikwepe hizi:
> - *-aji*, kwa sababu karibu kila kitenzi kinazaa mtu wake: mchezaji, msemaji, mlaji. Hamtamaliza.
> - *-ani*, kwa sababu nomino yoyote inayoishia na *a* ikipewa *-ni* ya mahali inaingia: nyumbani, shambani, dukani.
> - *-sheni*, yaani televisheni, tuisheni na wenzao. Inachekesha mara moja tu.

Kubalianeni pia kwamba jibu ni nomino, iwe katika umoja, na isiwe jina la mtu wala la mahali. Vitenzi vifungiwe mlango, maana *panda, apande, tumepanda* zitawatia wazimu. Maneno mafupi kama *mtu, mbwa, nge* na *nchi* nayo yaachwe, kwa kuwa hayana irabu ya pili kutoka mwisho ya kushikia kina. Tena usitoe kidokezo cha ukoo mmoja na jibu. Kutega *mwembe* kwa kidokezo cha *embe* ni uvivu, na wenzako watakwambia.

Hatua kwa hatua

1. Fungua kundi jipya. Usiuchezee mchezo huu kwenye kundi la ukoo. Usiku mmoja wa vina huleta jumbe mia na zaidi, na tangazo la msiba wa mjomba likifukiwa chini ya mizaha ya *uzembe*, lawama utazibeba wewe uliyeanzisha. Ongeza watu mnaofahamiana, na kiungo cha kujiunga usikibandike hadharani, kwa sababu kila anayeingia anaziona namba za wote.

2. Pangeni zamu. Orodha ya wategaji iandikwe na ibandikwe juu ya kundi. Anayefuata kutega ndiye mwamuzi wa duru iliyopo, wala haulizi maswali katika duru hiyo.

3. Mtegaji amtumie mwamuzi neno lake faraghani. WhatsApp inamruhusu mtu kuhariri ujumbe ndani ya dakika 15 na kuufuta baadaye pia, na moyo wa binadamu unaruhusu mengi zaidi. Neno likiwa kwa mwamuzi, hakuna kulibadilisha katikati ya safari.

4. Fungua duru. Mtegaji aandike "Vina!" Wengine wajibu "Tega!" Asubiri angalau wawili wajibu, ajue wako macho. Kisha atege: "Neno langu lina kina cha…"

5. Kila swali lipewe namba. Mwulizaji aandike "1. Je, ni…?" Mtegaji ajibu kwa kuugusa ujumbe wenyewe na kuchagua kujibu, ili jibu lining'inie kwenye swali lake. Mtandao ukisuasua, majibu hufika yamepishana, na bila hili mtabishana nani alikataliwa nini.

6. Mtegaji ana dakika mbili kwa kila swali. Akilifumbua, anasema "Siyo" na neno lenyewe. Akishindwa, anakiri, mwulizaji anataja neno alilokusudia, na duru inaendelea.

7. Maswali 12 yakiisha bila jibu, mtegaji anaandika "Nipeni mji."

Duru moja ilivyo

— Vina!
— Tega!
— Neno langu lina kina cha *jembe*.
— 1. Je, ni tunda lenye dodo na boribo?
— Siyo embe.
— 2. Je, ni kile ambacho mtoto akikililia hupewa?
— Siyo wembe.
— 3. Je, ndovu huuawa kwa ajili yake?
— Siyo pembe.
— 4. Je, ni kitu ambacho Mkenya hukimeza na Mtanzania akakiita kidonge?
— Siyo tembe. Mmenitoa jasho.
— 5. Je, ni ugonjwa wa anayesema kila siku atalima kesho?
— Siyo uzembe.
— 6. Je, ni ndugu yake dona, aliyevuliwa ganda?
— Ndiyo! Sembe. Chukua Tanga.

Tazama namba 2. Mwulizaji hakusema "kifaa cha kinyozi", ingawa angeeleweka. Alipita kwenye methali, na mtegaji ikambidi amkumbuke mtoto anayelilia wembe. Na namba 4 ilimvusha mtegaji mpaka wa Namanga na kumrudisha.

Namna ya kuuliza

Swali jepesi mno ni hasara kwako. Lengo la kwanza ni kulipata neno la mtegaji, lakini lengo la pili, ambalo wageni hulisahau, ni kumshinda mtegaji kwenye fumbo lako. Akishindwa kulifumbua, mji ni wako hata kama ulikuwa mbali na jibu. Kwa hiyo eleza kweli tupu, ila uieleze kutoka upande asioutazamia.

Matumizi ya kitu ni mlango mzuri. Kwa *randa*: "Je, seremala huutoa ubao vumbi lenye kujikunja kwayo?" Historia ni mlango mwingine. Kwa *rungu*: "Je, Rais Moi hakuwa akiachana nalo mkononi?" Kwa *nyungu*: "Je, mwaka 2020 wengi Tanzania walijifunikia blanketi juu yake?" Kwa *mkungu*: "Je, ni mama wa chane?" Swali hilo la mwisho lina maneno matano, na nimeliona likimnyamazisha mtu aliyekulia Bukoba, kwenye migomba, kwa dakika mbili nzima.

Methali ni hazina, lakini zisiwe zote. *Chanda* bila methali ya pete ni vigumu kukieleza, hilo sawa. Mtu akiuliza kila kitu kwa methali anageuka mwalimu wa zamu.

Maelezo yasiwe mapana. Ukiuliza "Je, ni kitu cha nyumbani?" kwenye familia ya *-anda*, mtegaji atachagua anachotaka: "Siyo kitanda." Sheria ni kwamba neno lolote lenye kina sahihi linaloingia kwenye maelezo yako linamwokoa. Hapo ndipo mtegaji mjanja hujificha. Tuseme neno lake ni *uchungu*, nawe ukauliza, "Je, mama mjamzito huupata siku zikitimia?" Atajibu kwa utulivu, "Siyo utungu," na hana kosa. Ulikuwa umelishika jibu mkononi, ukaliachia. Ungesema "Je, shubiri inao, na mfiwa anao?" angekuwa hana pa kukimbilia.

Miji badala ya alama

Unaweza kuhesabu alama moja, mbili, tatu. Ninapendelea miji. Katika vitendawili, aliyeshindwa humpa mtegaji mji, ndipo jibu litoke. Hapa kila ushindi unalipwa kwa mji:

- Aliyelipata neno anapewa mji na mtegaji.
- Aliyemshinda mtegaji kwa fumbo lake anapewa mji na mtegaji.
- Maswali 12 yakiisha, kundi zima linampa mtegaji mji mmoja, naye ndipo ataje neno lake.
- Mji uliokwisha kutolewa usiku huo hautolewi tena.

Sharti hilo la mwisho ndilo bora kuliko yote. Dar es Salaam, Mombasa na Zanzibar huondoka duru ya kwanza. Kufikia duru ya tano watu wanachimba Pangani, Mtito Andei, Kibiti, Uvira, Salalah. Mtu hukumbuka alikozaliwa bibi yake, na mazungumzo yakahamia huko kwa robo saa. Mwamuzi asiwaharakishe.

Mabishano, na namna ya kuyamaliza

Yatakuwepo. Chagueni kamusi moja kabla ya kuanza, iwe *Kamusi ya Kiswahili Sanifu* au *Kamusi Kuu ya Kiswahili*, na mwenye nakala ajulikane. Neno lisilomo kwenye kamusi hupigiwa kura ndani ya kundi: kura ya dakika tatu, wengi wakishinda, hakuna rufaa.

Lahaja zinahitaji makubaliano ya mapema. Shangazi yangu ni mtu wa Mombasa. Usiku mmoja alitutegea kina cha *mapato*. Tukauliza kipato, tukauliza mkato wa mwandishi, tukauliza mnato wa ulimbo, tukamaliza maswali yote 12 na kumpa Bagamoyo. Neno lake lilikuwa *mato*. Macho! Ni wingi, kweli, lakini kwa Kimvita ni neno safi la tangu enzi, na sisi watu wa bara tulipiga kelele kama tumeibiwa. Tangu hapo sheria yetu ni hii: neno la lahaja linaruhusiwa, ila mtegaji atangaze mwanzoni, "Neno langu ni la Kimvita," au la Kipemba, au la Lubumbashi. Hasemi zaidi ya hapo. Shangazi bado anaongoza kwa miji.

Kuna na ugomvi wa *l* na *r*. *Kalamu* na *karamu* ni za familia moja ya kina, na kwa wenzetu wengine hutamkwa sawa kabisa. Kwa kuwa maswali yanaeleza maana, mwenye shaka aangalie maelezo: ya wino au ya pilau?

Makosa yanayoharibu usiku

*Kulitaja neno lenyewe.* Aliyeandika "Ni wembe?" anapoteza swali, na linahesabiwa katika yale 12. Msimsamehe hata mara ya kwanza, la sivyo hakuna atakayejisumbua kueleza.

*Kuuliza herufi.* "Je, linaanza na s?" si swali la mchezo huu.

*Mafumbo ya watu wawili.* "Je, ni kile alichokiangusha Baba Juma harusini?" Wengine sita hawakuwepo harusini. Fumbo liweze kufumbuliwa na yeyote aliyemo.

*Kibodi ya simu.* Ikidhani unaandika Kiingereza itakubadilishia maneno, na *tembe* likitumwa limekuwa kitu kingine, mtegaji ana haki ya kulikataa. Zima usahihishaji wa moja kwa moja kabla ya kuanza.

*Jumbe za sauti kwa maswali.* Zinapendeza, lakini zinakula bando, na aliye kwenye daladala hawezi kuzisikiliza. Zitumike kwa kucheka tu.

*Kutafuta mtandaoni.* Hamwezi kumzuia mtu. Dakika mbili za mtegaji zinapunguza tamaa, na fumbo lililotungwa vizuri halina majibu huko.

Saa, kwa walio mbali

Wengi wetu tuna mtu Muscat, Lubumbashi au Toronto. Saa tatu usiku ya Dar es Salaam na Nairobi ni saa nne usiku Muscat, na ni saa mbili usiku Lubumbashi. Toronto ni mchana, saa saba au saa nane kutegemea majira. Andika wakati kwa namna mbili, "saa 3 usiku, yaani 21:00", kwa sababu mtu aliyekaa ughaibuni miaka kumi akisoma "saa tatu" hujui kichwani mwake inasomeka saa ngapi. Tulimsubiri binamu mmoja usiku mzima. Yeye alikuwa ametusubiri alasiri.

Kama saa zimegoma kabisa, chezeni polepole: neno moja kwa siku, linategwa asubuhi, kila mtu maswali mawili, mji unatolewa kabla ya kulala. Dakika mbili za mtegaji zigeuke saa mbili. Mchezo unapoa kidogo, lakini walio kazini nao wanapata nafasi.

> KAGUA KABLA YA KUTEGA
>
> ☐ Neno langu ni nomino, umoja, si jina la mtu wala mahali
> ☐ Nimeandika jamaa zake saba hadi kumi na mbili kwenye karatasi
> ☐ Kidokezo si cha ukoo mmoja na jibu
> ☐ Mwamuzi ameshapokea neno faraghani
> ☐ Kama ni la lahaja, nitatangaza
> ☐ Usahihishaji wa kibodi umezimwa
> ☐ Nina mji wa kutoa, na si Dar es Salaam

Ujumbe wa kunakili na kuwatumia wenzako

"Jamani, leo saa 3 usiku (21:00) tunacheza vina. Nitatoa neno lenye kina kimoja na langu, nanyi mnatafuta la kwangu kwa kuuliza. Marufuku kulitaja neno, lieleze tu. Maswali ni 12. Mkishindwa, mnanipa mji. Nikishindwa kufumbua swali lako, nakupa mji mimi. Wa kwanza kuja na mji ambao hatujawahi kuusikia hatatozwa kitu akichelewa. Ya kuonjea ni hii: neno langu lina kina cha *rungu*, na kama umepika maharage leo, huenda umelitumia. Jibu kwa swali, usilitaje!"